Fahamu: Jinsi ya kuweka barua pepe ya kazini kwenye simu yako

Mtumishi wa umma aliyeko Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, akipata mtandao halazimiki kupanda boti hadi Kigoma kusoma barua ya ofisi. Anwani yake ya kiserikali, inayoishia na .go.tz, hufunguka hata kwenye simu binafsi.

Unaiwekaje?
Mwombe ofisa TEHAMA wa halmashauri jina la seva. Fungua mipangilio ya simu, ongeza akaunti, kisha jaza anwani, nywila na jina hilo la seva.

Uzingatie nini?
Kwanza funga simu kwa namba ya siri. Taarifa za wagonjwa na wanafunzi zilizomo kwenye barua za kazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Simu ikipotea, ijulishe ofisi na ubadilishe nywila siku hiyohiyo.