KUWAFUNDISHA WATOTO MAISHA YA CHURA

Hapana mtoto wa Masara asiyeijua sauti ya chura. Mvua za masika zianzapo kunyesha mwezi wa Machi, maji hutuama mashambani, kando ya njia na katika kila shimo, na usiku vyura hulia pande zote mpaka alfajiri. Lakini mtoto wa miaka mitano akiulizwa chura hutoka wapi, huenda akajibu kwamba ameanguka na mvua, au kwamba ameota katika matope. Jibu hilo si la kuchekwa, maana mtoto anasema kile alichokiona: juzi palikuwa pakavu wala hapakuwa na chura hata mmoja, na leo wamejaa. Hata wenye elimu wa Ulaya, kwa karne nyingi, waliamini kwamba matope ndiyo yazaayo vyura.

Kazi ya mwalimu, na ya mzazi pia, ni kumwonyesha mtoto yale yanayotukia katikati. Wakati wa kiangazi vyura wengi hujificha katika udongo na chini ya mawe ili ngozi zao zisikauke. Mvua huwatoa, nao huyaendea maji kwa sababu moja kubwa, yaani kuzaa. Zile kelele za usiku ni sauti za madume wakiita majike.

Somo hili lina mahali pake katika mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika katika madarasa ya chini nchini Kenya kote mwaka 2019, ambapo watoto wadogo hufundishwa kuyatazama mazingira yao. Na kwa kuwa madarasa hayo hufundishwa kwa lugha ya mahali, mwalimu wa Masara na aanze kwa jina ambalo mtoto amelisikia nyumbani, *ogwal*, ndipo afikie jina la Kiswahili.

MAYAI NDANI YA UTE

Chura jike hutaga mayai majini, nayo yamezungukwa na ute mzito unaoteleza. Aina nyingine hutaga mayai yaliyoshikamana kama fungu, na wale vyura wenye ngozi ya vipele hutaga mayai yaliyopangwa kama ushanga katika nyuzi ndefu. Jike mmoja aweza kutaga maelfu. Mtoto akiuliza kwa nini ni mengi hivyo, na aambiwe kweli: mengi huliwa na samaki, ndege na wadudu, na mengine hukauka maji yanapokwisha.

Katika maji yenye joto mayai huanguliwa baada ya siku chache. Atokaye si chura, bali ni kiluwiluwi, kiumbe mwenye kichwa cha mviringo na mkia bapa. Hana miguu. Huvuta pumzi kwa matamvua kama samaki, na chakula chake hasa ni ule utando wa kijani ulio juu ya mawe na majani yaliyozama.

Baadaye miguu ya nyuma huchomoza, kisha ile ya mbele. Wakati huo huo mapafu hukua ndani, na kiluwiluwi huanza kupanda juu kutafuta hewa. Mkia nao huzidi kuwa mfupi. Hapa watoto wengi, na hata wakubwa, hudhani kwamba mkia hukatika ukaanguka. Sivyo. Mwili wa mnyama huyu huunyonya mkia wake mwenyewe na kuutumia kama chakula, na katika siku hizo yeye hali kitu, kwa kuwa kinywa chake kinageuka kutoka kinywa cha kula utando kuwa kinywa cha kukamata wadudu. Kisha chura mdogo hutoka majini. Mabadiliko hayo yote huchukua majuma machache au miezi kadhaa, kwa kadiri ya aina ya chura na joto la maji.

BESENI LA DARASA

Hapana haja ya vyombo vya gharama. Beseni moja, maji ya bwawa yale yale mlimookotwa viluwiluwi, jiwe moja linalotokeza juu ya maji, na majani machache ya mchicha yaliyochemshwa yakapoa, yatosha. Viluwiluwi wasizidi watano au sita. Beseni likae kivulini, na sehemu ya maji ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Miguu ya mbele ikisha kuota, jiwe lile ni la lazima, maana chura mdogo asiye na pa kupanda hufa maji.

Kila siku watoto watazame kwanza, kisha waseme walichoona, kabla mwalimu hajasema neno. Wanaweza kuweka kokoto moja kila asubuhi ili kuhesabu siku, na kufinyanga kwa udongo umbo la kila hatua. Mwishoni maumbo hayo yapangwe chini kwa duara: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura mdogo, chura mkubwa, na mayai tena. Kazi ikiisha, vyura warudishwe pale pale walipotolewa.

Mtu mzima ndiye atakayeteka viluwiluwi, kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu, akiwa amesimama pakavu. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, kichocho huingia mwilini kwa njia ya ngozi mtu anapokanyaga maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Tena kila aliyemshika chura anawe mikono kwa sabuni wala asijifikiche macho, kwa kuwa ngozi ya vyura wengine hutoa utomvu unaowasha.

ASICHANGANYWE NA MTOTO WA MBU

Kiswahili kina neno moja, kiluwiluwi, kwa mtoto wa chura na kwa mtoto wa mbu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba kama uzi, wala hana mkia bapa. Hukaa juu ya maji ili avute hewa, na kivuli kikipita hujinyonganyonga akazama. Yule wa mbu aenezaye malaria hulala sambamba na uso wa maji, na wa mbu wengine huning'inia kichwa kikielekea chini. Kiluwiluwi wa chura ni mnene, naye huonekana mara nyingi akiguguna utando kwenye mawe.

Katika joto, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa majuma mawili au pungufu. Kwa hiyo beseni la darasa lisilotunzwa huwa kiwanda cha mbu. Lifunikwe kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na kiluwiluwi wa mbu akionekana maji yamwagwe mahali pakavu, baada ya kuwahamisha watoto wa chura. Ni kweli kwamba chura mkubwa hula wadudu wengi, lakini asisifiwe kupita kiasi: hawezi kushika nafasi ya chandarua kitandani.

MASHIMO YA DHAHABU

Masara ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Macalder, katika Nyatike, ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo wangali wanachimba sehemu nyingi za Migori. Mashimo yaachwayo wazi hujaa maji ya mvua, nayo huwavuta vyura na watoto pia. Kingo zake huporomoka, na mtoto aweza kuzama. Zaidi ya hayo, wachimbaji hutumia zebaki ili kukamata chembe za dhahabu, na zebaki ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa mtoto mchanga na wa aliye tumboni.

Chura huvuta pumzi kwa mapafu na pia kwa ngozi yake laini, na yaliyomo majini humpenya kwa urahisi. Ndiyo sababu wataalamu humtazama sana wanapochunguza hali ya maji. Hata hivyo mtoto asifundishwe kwamba penye viluwiluwi maji ni salama. Sumu haina budi kupimwa kwa vyombo, na zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji. Basi viluwiluwi wa somo wasitolewe kamwe katika mashimo ya wachimbaji, wala mtoto asitumwe huko.

CHURA WA KIHANSI

Si vyura wote wafuatao njia hiyo. Katika Tanzania, kwenye korongo la mto Kihansi, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano asiyetaga mayai, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko ya maji. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalipogeuzwa ili kutoa umeme, manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Aliokoka kwa kuwa baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 wengine walianza kurudishwa kwao.

Habari hiyo ni nzito kwa mtoto wa miaka mitano, lakini mwalimu na aijue. Kwa mtoto yatosha kwamba asimpige chura mawe, kwamba ajue kiluwiluwi yupi ni wa mbu, na kwamba alionapo shimo lenye maji asimame mbali akamwite mtu mzima.