Sura ya Tano: Mshumaa wa Denmark, Kivuli cha Nuzha

Saudia ina mitaa miwili maarufu iitwayo Al-Nuzha, mmoja Riyadh na mwingine Jeddah, na kila mmoja uko upande wa kaskazini wa mji wake. Nuzha kwa Kiarabu ni matembezi ya kujiburudisha: mtu ametoka nyumbani alasiri, akaenda bustanini au ufukweni kupunga hewa. Aliyetoka hurudi, na sura hii inahusu kule anakorudi. Ni sebule yenye marumaru inayong'aa na taa nyeupe ya dari inayowaka kama ya dukani, na kiyoyozi kinachovuma usiku kucha. Nyumba ni mpya, vyombo ni vya thamani, lakini mwenyewe akikaa hapo hapati ile hali ambayo sisi Waswahili tunaiita raha mustarehe.

Wengi wanaoitafuta hali hiyo siku hizi hutazama Denmark. Watu wa huko wana neno lao, hygge, linalotamkwa karibu na «hyuga», ambalo Kidenmarki kilichukua kutoka Kinorwe na likaanza kuonekana katika maandishi yao takriban mwaka 1800. Mwaka 2016 Meik Wiking, anayeongoza taasisi ya utafiti wa furaha mjini Copenhagen, alitoa kitabu kidogo juu ya neno hilo, nacho kikasomwa dunia nzima. Tangu hapo mishumaa, mablanketi ya sufu na viti vya mbao nyeupe vimesafiri hadi kwenye nchi ambazo hazijawahi kuona theluji.

Mimi sina ugomvi na mshumaa. Nina ugomvi na kuuchukua bila kuuliza uliwashwa kwa nini.

Copenhagen katikati ya Desemba hupata mchana wa saa 7 tu. Jua huchomoza saa mbili na nusu hivi asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Baridi ni ya kuuma na mbingu imefunikwa mawingu. Mtu wa huko amenyimwa vitu viwili, mwanga na joto, naye anavitengeneza mwenyewe ndani ya nyumba, kidogo kidogo, pembe kwa pembe. Mshumaa kwao huitwa taa hai. Poul Henningsen, msanifu aliyeanza kubuni taa katika miaka ya 1920, alitumia maisha yake kutafuta jambo moja: mwanga uenee chumbani bila jicho kuiona balbu. Taa yake iitwayo PH 5, iliyotoka mwaka 1958, ina vikombe vilivyopangwa juu ya vikombe, na popote utakapokaa mezani hutaona chanzo cha mwanga, utaona tu nyuso za wenzako. Huo ndio ustadi wa Denmark. Kilichotangulia ni upungufu, kisha ikaja akili ya kuujibu upungufu huo kwa upole.

Sasa njoo Riyadh mwezi Julai. Joto la mchana hupita nyuzi 43 na anga haina wingu hata moja. Hapa mwanga ni mwingi kupita kiasi, na joto halina simile. Mtu anayeweka kiyoyozi nyuzi 18 ili apate sababu ya kujifunika blanketi la sufu, kisha akawasha mishumaa kumi huku mapazia mazito yakizuia jua la saa saba mchana, anasafiria nyota ya mwenzake. Amechukua jibu la watu wengine akaliacha swali lao. Swali lenyewe ndilo zuri, na linafaa kuulizwa mahali popote: nchi hii imeninyima nini, na nyumba yangu inaweza kunirudishia vipi? Al-Nuzha haikunyimwa mwanga wala joto. Kilichopungua ni kivuli, ubaridi, unyevu wa wastani na utulivu wa macho.

Kuna kisa cha kale cha Denmark na Jeddah ambacho hunijia kila ninapofikiria jambo hili. Mwishoni mwa Oktoba 1762 kundi la watu sita liliteremka Jeddah likiwa limetumwa na Mfalme Frederik wa Tano wa Denmark kuichunguza Bara Arabu. Miongoni mwao alikuwa Carsten Niebuhr, mpimaji ardhi mwenye asili ya Kijerumani, ambaye aliuchora mji huo ramani. Walikaa wiki kadhaa, wakaendelea hadi Yemen, na huko homa zikaanza kuwamaliza. Kufikia mwaka 1764 wenzake wote watano walikuwa wamekufa, amebaki Niebuhr peke yake, na mwaka 1767 ndipo alipofika tena Copenhagen. Homa haichagui, lakini sababu inayotajwa mara nyingi ya kunusurika kwake ni kwamba alikubali kuvaa kama wenyeji wa huko na kula kama wao. Alipofika ugenini aliuachia mji umfundishe namna ya kuishi.

Na Jeddah ilikuwa na mengi ya kufundisha. Nyumba za mji mkongwe, Al-Balad, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya Bahari ya Shamu, na kati ya safu za mawe zikapitishwa boriti za mbao. Mbele ya kila ghorofa ilitokeza roshani, dirisha kubwa la mbao zilizotobolewa kwa nakshi. Mwenye nyumba alikaa ndani ya roshani hiyo akapata upepo wa bahari, akaona barabara, na wa barabarani asimwone. Mtungi wa maji uliwekwa palepale kwenye mkondo wa upepo. Maji yalijipenyeza kwenye udongo wa mtungi, yakageuka mvuke na kuchukua joto pamoja nayo, mtungi ukabaki baridi. Nyumba ya Nasseef, iliyojengwa kati ya 1872 na 1881, bado imesimama na roshani zake, na mwarobaini wake mlangoni.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi, maana hiyo ni nyumba ya babu yake. Mawe ni yaleyale ya matumbawe, chokaa ni ileile. Boriti za mikoko ziliamua upana wa vyumba vya Lamu, na ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Ukiingia unapita daka, yaani baraza la mlangoni, kisha kiwanda, ua ulio wazi juu, kisha misana, kumbi ndefu za kukaa, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani, na kila hatua mwanga unapungua kidogo na ubaridi unaongezeka kidogo. Jicho linapumzishwa taratibu kabla mwili haujaketi. Ukutani kuna zidaka, na taa ndogo ikiwekwa ndani ya kidaka mwanga wake hugonga chokaa nyeupe na kurudi chumbani ukiwa laini. Alichokitafuta Henningsen kwa vikombe vya taa yake, mafundi wetu walikipata kwa shimo ukutani.

Riyadh ilikuwa na hekima yake nyingine. Nyumba za kale za Najd zilijengwa kwa matofali ya udongo, kuta nene zinazochelewa kupata joto mchana na kuchelewa kupoa usiku, vyumba vikiuzunguka ua ulioko katikati. Katika chumba cha wageni palikuwa na wijari, jiko la kuchemshia kahawa, na kando yake rafu za chokaa zenye nakshi za kupangia midila ya kahawa. Watu wasiokaa huko husahau kwamba Riyadh ina baridi. Mji uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo moto unakuwa na maana, na hapo, kwa majuma machache, mwenyeji wa Al-Nuzha ya Riyadh anafanana kweli na mtu wa Copenhagen. Blanketi la sufu alilotamani Julai, Januari ni halali yake.

Kilichoivuruga nyumba hiyo ya Najd ni mpango mpya wa mji. Katika miaka ya 1950, mtaa wa Al-Malaz ulipojengwa kwa ajili ya watumishi wa serikali waliohamia Riyadh, ukaja mtindo wa villa: nyumba katikati ya kiwanja, ukuta kuizunguka. Ua uliokuwa moyoni mwa nyumba ukatolewa nje, ukawa ukanda mwembamba usiokalika, maana dirisha la jirani linauona. Watu wakapandisha mabati juu ya kuta ili wapate sitara, na madirisha yakafungwa moja kwa moja. Baada ya hapo kiyoyozi hakikuwa anasa tena. Mitaa kama Al-Nuzha ilirithi umbo hilo, na nadhani chanzo cha ule ukosefu wa raha ni hapo zaidi ya kwenye fanicha.

Ukiwa umepanga fleti huwezi kubomoa ukuta. Unaloweza ni kuanza na taa. Balbu nyingi za dari huku kwetu na kule Ghuba ni za mwanga mweupe wa Kelvini 6500, mwanga wa hospitali. Mwali wa mshumaa uko chini ya 2000. Nunua balbu za 2700, zishushe zifike usawa wa mtu aliyeketi, weka tatu dhaifu mahali pa moja kali, na ile ya dari izime baada ya magharibi. Joto la chumba halitapanda, na macho yatatulia. Hilo ndilo somo la Denmark ambalo linahamishika bila kupungua chochote.

Baada ya taa, hewa, na hapa Nuzha mbili zinaachana. Riyadh ni kavu, kwa hiyo chochote chenye maji kinasaidia: kipoza hewa cha maji, mimea sebuleni, hata mtungi wa udongo. Jeddah iko baharini na hewa yake imeshiba unyevu. Kipoza hewa cha maji hakifanyi kazi huko, kitakuongezea jasho tu. Kule unahitaji feni inayozunguka polepole, pazia la kitani na kiyoyozi cha nyuzi 24 au 25 kisichokupulizia shingoni. Zulia liwepo kote kuwili, maana marumaru hurudisha kila sauti, na chumba chenye mwangwi hakizungumziki. Udi ukifukizwa, fungua dirisha kidogo. Moshi wa chetezo katika chumba kilichozibwa huchosha kifua.

Viti visikutie homa. Majilisi ya Kiarabu, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2015 pamoja na kahawa yake, imepanga mito chini kufuata kuta ili kila mtu aone uso wa kila mtu. Ukishakuwa na mdila wa kahawa yenye iliki, sahani ya tende na watu waliokaa hivyo, sioni kiti cha mbao nyeupe kitaongeza nini. Hata lugha inashuhudia. Maneno yetu maskani na sakina yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutulia.

Lakini kuna jambo Wadenmarki wenyewe wamelikiri. Mwanaanthropolojia wao Jeppe Trolle Linnet ameonyesha kwamba hygge pia huchora mpaka: waliomo wanaona joto, asiyekuwemo anaona mlango. Katika nyumba za Al-Nuzha asiyekuwemo mara nyingi ni binti wa kwetu. Ametoka Kenya au Uganda, ndiye anayekunja mablanketi, anayefuta zulia, anayechemsha ile kahawa. Kanuni za Saudia za mwaka 2013 zilimpa mfanyakazi wa nyumbani mapumziko ya angalau saa 9 kwa siku na siku moja kwa wiki. Chumba chake katika michoro ya nyumba nyingi ni kile kilichobaki baada ya vingine vyote kupimwa: kando ya jiko, au juu ya dari ambapo jua la mchana kutwa limelala kwenye zege, penye dirisha la kiganja na taa moja nyeupe. Nyumba ambayo mtu mmoja ndani yake hana pa kutulia siiiti tulivu, hata iwe na taa kumi za Henningsen.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji mwenye nyumba, iwe Riyadh, Jeddah, Nairobi au Dar es Salaam: kabla hujanunua taa ya pili ya sebuleni, ingia katika chumba cha msaidizi wako saa nane mchana, funga mlango, ukae humo robo saa. Kisha anza matengenezo hapo.