Redio ya gari: ya kifundo na ya kioo

Mtu apandaye kutoka Gisenyi kwenda Busasamana huliacha nyuma joto la Ziwa Kivu, akaingia katika nchi ya mawe meusi, mashamba ya viazi na ukungu. Mkono wake wa kushoto ni Kongo, na huko Kongo umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita zipatazo 3,470. Askari waliowahi kukesha doria katika vilima hivyo wanajua kwamba usiku ukishaingia hakuna mengi ya kumletea mtu habari za dunia, ila simu ya upepo ya kazi na redio iliyomo garini. Ile ya kwanza ina wakuu wake na sheria zake, wala sitaigusa hapa. Nia yangu ni kuizungumzia hii ya pili, ambayo wengi wetu tumezoea kuihesabu kuwa ni pambo tu.

Mimi nilianza kuitazama kwa jicho jingine mwishoni mwa Mei 2021. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 ya mwezi huo, Nyiragongo ulipasuka. Lava iliteremka hadi kwenye kingo za mji wa Goma, na maelfu ya watu wakavuka mpaka usiku ule ule kuja Gisenyi. Tarehe 27 serikali ya huko iliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe, na watu wakaja tena kwa wingi. Baadhi yao walipokelewa Busasamana. Ardhi ilikuwa ikitetemeka mchana na usiku, na kila mkimbizi alikuwa na swali moja mdomoni: je, mlima utatoa moto tena, au twaweza kurudi makwetu?

Kando ya barabara palikuwa na magari mawili ambayo sitayasahau. La kwanza lilikuwa gari dogo kutoka Japani, usukani wake kulia, nalo lilitoka Goma. Ndani yake mlikuwa na kioo cha kugusa chenye ukubwa wa kitabu, na spika katika kila mlango. Mwenyewe, mtu wa makamo, alikuwa akikigusa kioo kile tena na tena pasipo kupata neno. Simu yake ilikuwa karibu kuzimika, tena ilikuwa ikihangaika baina ya minara ya Rwanda na ile ya Kongo, kama zifanyavyo simu nyingi mpakani. Kioo kiling'aa vizuri mno, lakini hakikumwambia chochote. La pili lilikuwa pikapu kuukuu ya mchuuzi wa viazi, yenye redio ya vifundo viwili na mshale mwekundu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Watu wapatao thelathini walikuwa wameizunguka. Mchuuzi yule alizungusha kifundo polepole, akatoka katika Kinyarwanda akaingia Kifaransa, kisha akatua kwenye Kiswahili, na hapo wote wakanyamaza. Nami nilisimama miongoni mwao, nikiwa na sare yangu, nikisikiliza.

Sababu ya mkasa wa gari lile la kwanza inafaa ijulikane, kwa kuwa magari ya namna ile yamejaa Uganda, Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo. Huko Japani matangazo ya FM yaliwekwa kati ya megahezi 76 na 90, na katika miaka ya karibuni mwisho wake ukasogezwa hadi 95. Sisi huku, kama ilivyo sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108. Basi gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Tokyo likiletwa kwetu husikia kipande kidogo tu cha mwanzo wa masafa yetu, na vituo vingine vyote kwake ni kama havipo. Mafundi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam huuza kidude kidogo ambacho hufungwa kati ya antena na redio ili kuyashusha masafa. Kidude kinachoshusha kwa megahezi 14, kwa mfano, hukifanya kituo cha 100 kisikike kwenye 86. Husaidia, lakini namba zote zinakuwa za uongo, na kikiwa cha bei rahisi huongeza mikwaruzo. Hapa Rwanda tatizo hili ni dogo kidogo, maana tangu mwaka 2005 uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia ulikatazwa. Hata hivyo mpakani tunayaona, na wenyewe hutuuliza.

Redio ya gari haikuanza na uzuri wowote. Mwaka 1930, nchini Marekani, Paul Galvin na wenzake walitoa redio waliyoiita Motorola. Ilitumia valvu, yaani zile taa za kioo ambazo hazikufanya kazi ila zipate umeme wa volti nyingi, hali betri ya gari la wakati ule ilikuwa na volti 6 tu. Mitambo hiyo ilikula betri kama ng'ombe alavyo majani. Nafuu ilikuja na transista: mwaka 1955 kampuni ya Chrysler ilitangaza redio ya gari isiyokuwa na valvu hata moja. Kanda ya kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na kabla muongo ule haujaisha ilikuwa imekwisha ingia magarini. Hiyo ndiyo iliyotawala barabara zetu kwa muda mrefu. Dereva wa zamani utamjua kwa kalamu ya wino aliyoiweka tayari kwa kurudisha mkanda ulionaswa. Sahani za CD ziliingia katikati ya miaka ya 1980, na sasa nazo zinaondoka, nafasi yake ikichukuliwa na simu.

Ningekuwa mwongo kama ningedai kwamba vya kale ni bora kwa kila jambo. Mtambo wa leo hutoa sauti safi, haukwaruzi kanda, na humwezesha dereva kujibu simu bila kuishika mkononi. Tena, nusu ya sifa ya redio ya zamani imekwisha kufa pamoja na vituo vyake. Mawimbi mafupi hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa, kisha yakarudi ardhini mbali sana, vilima haviyazuii. FM huenda moja kwa moja, na katika nchi ya vilima kama yetu kila bonde ni kizuizi. Watu wa rika la baba zangu waliisikia Deutsche Welle waziwazi kwa kuwa mitambo yake ya kilowati 250 ilikuwa papa hapa Kigali, kwenye kilima cha Kinyinya, tangu mwaka 1965. Mitambo hiyo ilizimwa Machi 2015. Mtu akiniambia leo kwamba anatafuta redio ya mawimbi mafupi ya gari, humwuliza kwanza anakusudia kumsikiliza nani.

Hata mawimbi ya kati yamo mashakani. Mota za magari ya umeme huyatia kelele, na kwa ajili hiyo baadhi ya watengenezaji waliyaondoa kabisa. Kampuni ya Ford nayo ilikusudia kufanya hivyo, ila mwaka 2023 ikabadili shauri baada ya kulalamikiwa kwamba matangazo ya dharura yasingewafikia watu.

Kwa dereva wa kazi, hata hivyo, ninaona kifundo kina haki moja ambayo kioo hakijaipata. Kifundo hushikwa gizani, mkono ukiwa ndani ya glavu, macho yakiwa barabarani. Kioo hudai kutazamwa. Katika zile kona za kuteremka kutoka Busasamana, ukungu ukiwa umetanda na wachuuzi wa viazi wakisukuma baiskeli pembeni, sekunde mbili za kutazama kioo ni nyingi. Polisi wa usalama barabarani watakuwa na la kusema pia kuhusu spika kubwa: dereva aliyejizungushia muziki hasikii king'ora cha gari la wagonjwa wala honi ya lori lililokatika breki.

Katika hili la spika mimi mwenyewe si mtakatifu. Nilipokuwa luteni mpya, nikiwa na gari langu la kwanza, nilifungisha amplifaya na spika za besi zilizojaza buti nzima. Fundi, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliunganisha waya moja kwa moja na betri, bila fyuzi na bila kupitia swichi ya gari. Mtambo ule haukulala usiku kucha ingawa muziki ulikuwa umezimwa. Asubuhi gari halikuwaka, nami nikafika gwarideni nimechelewa dakika arobaini, viatu vimejaa vumbi. Mkuu wangu hakufoka. Aliniuliza tu, "Luteni, muziki ulikuwa mzuri?"

Tangu siku hiyo hukagua mambo matatu kabla fundi hajaondoka: fyuzi iwe karibu na betri, mtambo uzimike pamoja na ufunguo, na waya wa antena uwe umechomekwa kweli. Hili la mwisho mafundi wengi hulisahau, kwa sababu mteja wa siku hizi hujaribu muziki wa simu, akaridhika, akalipa.

Gari nililo nalo sasa lina kioo. Lilipofungwa nilimwomba fundi atafute mtambo wenye kifundo cha sauti pembeni, na antena ndefu ya chuma juu ya bodi. Alicheka, akaniuliza kama nimekwisha kuwa mzee. Nilimjibu kwamba nina miaka thelathini na minne, na kwamba mwezi ujao ninakwenda Busasamana.