Ndege ya jeshi ikianguka mazoezini, nani atatueleza?

KWA miaka mingi, mama aliyevuka Petite Barrière na beseni la viazi kichwani aliinua macho kila ndege ilipopita chini kuelekea uwanja wa Goma. Hakufanya hivyo kwa ushamba. Aprili 15, 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapitiliza hadi Birere. Watu wapatao 40 walifariki, wengi wao wakiwa chini, katika shughuli zao.

Ajali ile ilizungumzwa sana, kwa kuwa ilikuwa ya kiraia. Je, inapoanguka ndege ya jeshi, tena katika mazoezi, nani hutueleza?

Wasomaji wetu waliokulia Uganda kabla ya kurejea nyumbani watakumbuka Januari 28, 2020. Siku hiyo helikopta ya jeshi la Uganda aina ya Jet Ranger ilianguka upande wa Gomba na Butambala, magharibi mwa Kampala, ikiwa katika safari ya mafunzo. Alikufa Meja Naomi Karungi, mmoja wa marubani wanawake waliojulikana sana katika jeshi hilo, pamoja na mwenzake aliyekuwa akijifunza.

Mwaka uliofuata, Juni 24, 2021, ilikuwa zamu ya Kenya. Helikopta aina ya Mi-171E ilianguka Ol Tepesi, Kajiado, asubuhi, ikiwa imebeba wanajeshi waliokuwa mazoezini. Wasiopungua 10 walipoteza maisha.

Mtu atauliza: kama si vita, hatari inatoka wapi? Inatoka katika mafunzo yenyewe. Rubani hufundishwa kuruka chini, kutua penye nafasi finyu, hata kushuka kana kwamba injini imezima. Mwanafunzi akikosea akiwa juu sana, mwalimu ana muda wa kushika usukani. Akikosea karibu na ardhi, muda huo haupo.

Huku kwetu milima huongeza ugumu. Gisenyi iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Nyiragongo hufikia karibu 3,470. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupoteza nguvu na mapanga ya helikopta hubeba uzito mdogo zaidi. Ukungu nao hushuka ghafla.

Sasa turudi kwenye swali. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi zimewekwa kando. Kwa hiyo jeshi hujichunguza lenyewe, na halibanwi na mkataba huo kutangaza lilichogundua.

Siri za vita zina sababu yake. Lakini bawa lililochakaa au mwanafunzi aliyerushwa katika hali mbaya ya hewa si siri ya vita. Mjane ana haki ya kujua, na mwenye shamba lililoangukiwa naye pia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli, ila tusiitumie methali hiyo kufunga faili. Kisichojulikana chanzo chake hurudi, na kinaporudi hakichagui kati ya aliye angani na aliye sokoni.