Udi likiachia mgongo



Hapa Whitehall, Columbus, ninalo udi kuukuu la taarab toka Unguja. Mbavu za mgongo zimeachana. Si uzee tu: hita za msimu wa baridi hukausha hewa, mbao zikasinyaa.

Jamani, msikimbilie epoksi! Gundi ya asili ya ngozi hulainika kwa maji moto, hivyo hata fundi wa kesho ataweza kufungua. Epoksi ikishashika, basi tena.

Legeza nyuzi, futa gundi kuukuu kwa maji ya uvuguvugu, acha pakauke. Gundi mpya iloweke, ipashe hadi sentigredi 60 hivi, isichemke. Paka upesi, funga kwa tyubu ya baiskeli siku nzima. Kisha chumba kiwe na unyevu wa asilimia 45 hadi 50.

Wasalaam.