Fuata Mfongo

Mtu akiniambia anakuja Moshi lakini hana nguvu wala fedha za kupanda Kilimanjaro, namwambia amefika penyewe. Mlima una urefu wa mita 5,895, na sehemu yake inayotembeleka kwa raha kuliko zote iko chini kabisa, kati ya mita 700 na 1,700 hivi, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa, kule watu wanakolima, wanakopika na kusomesha watoto. Kazi yangu ni maji, na njia za huko nimezijua kwa kuyafuata maji.

Upande wa kusini wa mlima umekatwakatwa na makorongo. Kila korongo lina mto wake, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo mrefu wa ardhi unaoshuka kutoka msituni hadi tambarare. Vijiji viko juu ya migongo hiyo. Mgeni akitazama ramani huona kijiji cha pili kiko kilomita moja tu, akaamua kukatiza. Atashuka korongo hadi mtoni, atapanda ukuta wa upande wa pili, na akifika miguu inatetemeka. Nimewaona vijana wenye afya zao wakichoka kwa kilomita hiyo moja kuliko kwa mwendo wa siku nzima.

Wachagga walikutana na tatizo hilohilo karne nyingi zilizopita, ila kwao lilikuwa tatizo la maji. Mto uko chini korongoni, mgomba uko juu mgongoni, maji yatapandaje? Jibu lao ni mfongo. Walipanda na mto hadi juu, wakajenga banio, wakayatoa maji pembeni na kuyapitisha kwenye mfereji uliochimbwa ubavuni mwa korongo. Mto unashuka kwa kasi, mfongo unashuka polepole, kwa hiyo kadiri unavyokwenda ndivyo mfongo unavyozidi kuwa juu ya mto, mpaka unatokeza mgongoni, kwenye mashamba. Mfereji wa udongo ukishuka kwa kasi, maji hula kingo zake; ukikaa bapa, hujaa tope. Kwa kawaida hautakiwi kushuka hata mita moja kwa kila mita 100. Wachimbaji wa zamani walikipata kipimo hicho kwa macho na kwa kuyatazama maji yenyewe, na mpaka leo nikipita na vyombo vyangu vya kupimia nawavulia kofia.

Hii ndiyo siri ya njia nyepesi za Moshi. Kila mfongo una kijia kando yake, kilichokanyagwa na wanaousafisha na kuuzibua. Kwa kuwa maji hayapandi kilima, na wewe hupandi. Unaweza kutembea saa mbili ubavuni mwa mlima mkubwa kuliko yote Afrika bila kuhema, chini ya kivuli cha migomba na mibuni, maji yakikwenda kando ya mguu wako. Kibosho, Uru na Marangu kote utaikuta mifongo. Uliza wenyeji, na mwombe kijana wa kijiji akuongoze kwa malipo mliyokubaliana, maana kijia kinaweza kupotelea kwenye kichaka au kwenye ua wa mtu.

Tena ua wa mtu ni jambo la kulizingatia. Kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba, ni nyumbani, na mara nyingi babu na bibi wamezikwa humohumo. Piga hodi, amkia wazee shikamoo, omba kupita. Usikate wala using'oe isale, ule mmea wa majani marefu unaouona mipakani: ndio alama ya mpaka, na ndio jani mtu analolibeba anapokwenda kuomba msamaha. Usiyachezee mawe na matope yaliyoziba njia ya maji, kwa sababu mfongo una zamu, na ukiyaelekeza maji kwingine umemnyang'anya mtu siku yake ya kumwagilia.

Wanaotaka maporomoko huenda Materuni, juu ya Uru. Daladala zinafika kijijini, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika 45 hivi hadi kwenye maporomoko yenye kimo cha mita zipatazo 80. Lipa ada, chukua risiti, vaa viatu vyenye meno. Beba na sweta: kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii.

Wengi wakisimama pale huniuliza kama maji yale ni barafu ya kilele cha Kibo iliyoyeyuka. Mchango wa barafu kwa mito yetu ni mdogo sana. Maji yanatoka kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi kuliko mjini na ukungu unanasa kwenye majani na kuvumwani ukadondoka chini. Sehemu yake hutiririka mtoni. Nyingine huzama kwenye miamba ya volkano, ambayo ina nyufa na matundu, na kusafiri chini kwa chini.

Yanatokea wapi? Mengine yanatokea mlangoni kabisa mwa mji, katika Msitu wa Rau. Hapo ndipo ningempeleka mzee, mtoto, au mtu aliyetoka hospitali na kuambiwa ajizoeze kutembea. Ni hekta zipatazo 570, kilomita chache kutoka katikati ya Moshi, na ardhi ni tambarare. Kwa mvua ya tambarare peke yake msitu mzito namna hii usingesimama. Unasimama kwa sababu maji ya ardhini yako karibu na mizizi. Humo kuna mivule mikubwa ajabu, na kuna msoo, mti unaoota katika misitu michache tu ya aina hii. Tembea polepole, tazama juu: mbega weupe kwa weusi, na kima.

Nenda asubuhi. Jua likipanda, hewa ya mlimani hupashwa, hupaa na kugeuka wingu, na mara nyingi ikifika saa nne mlima umeshafunikwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo unateleza mno. Na wakati wowote, ukiona maji ya mto yamebadilika rangi au yameanza kubeba majani na vijiti, ondoka korongoni mara moja hata kama kichwani kwako jua linawaka. Mvua imenyesha juu, na mto utajaa kabla hujasikia ngurumo.

Ukitoka Rau kwa upande wa chini unatokea kwenye majaruba ya mpunga ya Mandaka Mnono. Tembea juu ya matuta, ila usiingize miguu kwenye maji: mifereji ya mwendo mdogo ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Geuka nyuma. Kama wingu halijakuwahi, utauona mlima mzima nyuma ya msitu, kuanzia Kibo mpaka migomba.