Safari ya Majini Huanzia Ufuoni

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizisikiliza juujuu, utadhani zinagombana. Moja hutuonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ya pili hutukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Nilipokuwa mwalimu kijana nilizifundisha zote mbili darasani pasi na kutambua kwamba ni mama na mwana. Ziwa ndilo lililonifunza kwamba anayechelewa nyumbani ndiye akimbiaye ufuoni, na akimbiaye ufuoni hupanda chombo ambacho, lau angepata nafasi ya kukitazama, asingekipanda.

Nayaandika haya nikiwakumbuka wanafunzi wangu wa Kisegi, katika ufuo wa Gwassi, ambako nyuma yako ni milima na mbele yako ni Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Mwaka mmoja tulialikwa kwenda kucheza kandanda katika kisiwa cha Mfangano. Mimi ndimi niliyepewa jukumu la kupanga safari. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: "Tukutane ufuoni saa 7." Nikaridhika na kazi yangu, nikaenda zangu kulala.

Msomaji mwerevu ameshaliona kosa. Waswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na Wajaluo nao hufanya vivyo hivyo. Lakini saa ya ukutani, tikiti na ratiba za shule huhesabu tangu usiku wa manane. Wanafunzi 13 waliisoma saba yangu kwa jicho la ratiba, wakafika saa moja asubuhi. Wengine 11 waliisoma kwa jicho la nyumbani kwao, wakafika saa saba mchana wakiwa wameshiba na kuoga. Hapana hata mmoja aliyekosea isipokuwa mwalimu.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama maji katika sufuria. Nahodha, mzee aliyezaliwa na kuzeekea majini, alinishauri awavushe wale 13 kwanza kisha arudi kuwachukua wenzao. Nilikataa. Nilitaka tuwasili sote pamoja, kwa nidhamu, kama ipasavyo shule yenye heshima. Kwa hiyo tuliketi juu ya mawe tukangoja. Walipotimia, saa nane ilikuwa imekaribia na upepo umekwisha kuanza.

"Japuonj," nahodha aliniambia, "ziwa la asubuhi si ziwa la alasiri. Tulale, tutoke kesho."

"Jaduong'," nilimjibu, "wenyeji wetu wanatungojea. Tumechelewa mno."

Akanitazama kwa muda, kisha akanyanyua mabega. Tulipanda watu 26 kwa jumla katika mashua iliyokuwa na majaketi saba ya kuokolea maisha. Hatukufika mbali. Mawimbi yalianza kumwagika ndani, wavulana wakawa wanayateka maji kwa ndoo moja, kwa sufuria ya chakula na kwa viatu vyao vya kandanda. Nahodha alisubiri upenyo baina ya wimbi na wimbi, akaigeuza mashua, akaturudisha Kisegi. Hakufa mtu. Lakini tulipokuwa tumesimama mchangani tukitetemeka, msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, kwani ulitaka tufike saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, nalo ndilo kiini cha makala haya.

Kwanza na tuuelewe upepo wenyewe, kwani si jambo la bahati nasibu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupaa, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake; ndiyo maana upepo wa kuelekea ufuoni huanza jua likiisha kupanda na hupata nguvu alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo ukatoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, na pepo hizo zikikutana katikati huzua radi na mvua usiku na kuelekea alfajiri. Wavuvi wa matanga waliitambua elimu hii kabla ya vitabu: walitoka kwa upepo wa usiku, wakarejea kwa upepo wa mchana. Basi msafiri wa busara huondoka asubuhi, baada ya kuitazama anga na kuridhika kwamba dhoruba ya usiku imekwisha. Saa ya kuondoka si pambo la ratiba. Ni sehemu ya usalama.

Pili, tuangalie mikasa iliyotufika. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilizama Mtongwe, Mombasa, asubuhi, watu wakielekea kazini. 272 walipoteza maisha. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokusudiwa kubeba abiria wapatao 430, ilizama karibu na Mwanza. Inakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 800, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, na walionusurika ni 41. Wengi walikuwa wakirejea kutoka kwenye gulio la Bugolora. Siku ya gulio kila mtu hutaka kufika kwake kabla ya giza, na hakuna atakaye kuwa yule anayeachwa gatini.

Wenzetu wenye meli kubwa za anasa, za namna ile inayotia nanga Mombasa na kushusha watalii, nao walijifunza kwa machozi. Zamani sheria ya kimataifa iliwaruhusu kuwakusanya abiria na kuwafundisha namna ya kujiokoa ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia saa chache baada ya kung'oa nanga, na mamia ya waliopanda siku ile walikuwa hawajafundishwa lolote. Watu 32 walikufa. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria inataka mafunzo hayo yatolewe kabla ya kuondoka au mara tu chombo kinapoondoka. Kwa maneno mengine, ulimwengu umekubali kwamba saa ya kwanza ya safari ni ya kujifunza, si ya kutafuta kiti kizuri.

Je, mwanafunzi wa Kisegi aigawe vipi siku yake ya kupanda chombo? Jioni ya kuamkia safari afunge mizigo, vitabu avitie katika mfuko wa plastiki, dawa na nauli aviweke mahali anapovifikia kwa mkono mmoja. Saa ya kukutana iandikwe kwa maneno, "saa moja asubuhi", wala isiachwe tarakimu peke yake. Ufuoni afike saa nzima kabla. Saa hiyo si ya kupiga soga. Ahakikishe jina lake limeandikwa katika orodha inayobaki nchi kavu. Avae jaketi, alifunge, ajue kama linamtosha. Ahesabu watu na majaketi. Atazame ubavu wa mashua aone umebaki umbali gani kati ya ukingo na maji.

Na akiona mambo hayafai? Hapa ndipo ninapotaka tutue. Faida kuu ya kufika mapema si kupata kiti, bali ni kupata uwezo wa kukataa. Mtu aliyebakiwa na dakika tano hana hiari: atapanda chochote. Mtu aliyejiwekea saa ya akiba, au siku ya akiba, anaweza kusema "hapana" na bado akafika anakokwenda. Mimi siku ile nilikuwa nimeutumia muda wote kungoja, nikabaki na haraka tupu. Na haraka ndiyo iliyomjibu nahodha kwa kinywa changu.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mgonjwa hawezi kungoja kesho. Mfanyabiashara wa samaki hawezi kuliambia barafu lisiyeyuke. Ni kweli, na sina dawa ya yote. Lakini kuna haraka nyingine ambazo ni sisi walimu tunaozitengeneza. Shule inayomwadhibu mwanafunzi wa visiwani kwa kuchelewa siku ya kufungua muhula, bila ya kuuliza ziwa lilikuwaje, inamsukuma apande mashua iliyofurika. Mwalimu anayepanga mtihani wa Jumatatu asubuhi anaamua, pasipo kujua, mtoto fulani avuke Jumapili alasiri katika upepo. Napendekeza kwamba shule zote za kandokando ya ziwa ziwape wanafunzi wanaovuka maji siku mbili za kuripoti badala ya moja, na kwamba atakayesema "nilikataa kupanda kwa sababu mashua ilijaa" apokewe kwa pongezi mbele ya wenzake.

Wapo watakaonikumbusha kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo naiheshimu, lakini naomba tusiifanye mto wa kulalia. Mashua yenye watu 26 na majaketi saba, alasiri, katika upepo, haikuwa ajali. Ulikuwa ni uamuzi, na aliyeamua alikuwa mimi.

Yule msichana aliyeniuliza swali sasa ni mtu mzima. Iwapo makala haya yatamfikia, ajue kwamba jibu langu ni hili: nilitaka mfike. Saa ningeliweza kuiacha iamuliwe na ziwa.